Tumeambiwa milioni 13 za IVF. Hiyo ndiyo bei yote, au kuna nyingine inakuja?

Binti Vitenge, Mwanza

Habari zenu wapendwa. Nimekuwa nasoma humu kimyakimya mwaka wa pili sasa, leo naomba nami nisaidiwe.

Nina miaka 34, mume wangu 39, ndoa ina miaka saba. Mimi nauza vitenge hapa mjini, yeye ni fundi wa mashine za boti pale mwalo wa Kirumba. Mwezi wa tatu nilipiga kile kipimo cha kuweka rangi kwenye mirija. Majibu: mirija yote miwili imeziba, na wa kushoto umejaa maji. Nikapanda basi mpaka Dar kumwona daktari bingwa, akanieleza kwa upole kwamba njia iliyobaki kwetu ni kupandikiza, ndiyo hiyo IVF: mayai yanakutanishwa na mbegu maabara kisha yanarudishwa kwenye kizazi. Pale mapokezi nikapewa karatasi moja imeandikwa "Kifurushi cha IVF: Sh 13,000,000". Basi, hakuna neno lingine. Na mimi kwa kuchanganyikiwa sikuuliza, nikaikunja nikaiweka kwenye pochi nikarudi stendi.

Nikivunja kikoba changu napata milioni 6 na laki 4. Mume anataka tuuze kiwanja chetu cha Kisesa, ameshapata mtu wa milioni 9. Mama mkwe yeye anasema kuna mzee Magu anazibua mirija kwa laki tatu na nusu, kwa nini tutupe hela.

Ninachotaka kujua kwa mliopita njia hii: hiyo 13 ndiyo mwisho, nikilipa nimemaliza? Bima inasaidia chochote? Na nasikia Nairobi ni nafuu, na kwetu Nairobi ni karibu kuliko Dar. Mume yeye hajapima kitu, anasema shida imeshajulikana ni mirija.

Naomba msinitupie maneno makali, nimeyasikia ya kutosha ukweni.

---

Tiba Asili Original

Dada usiuze kiwanja. Mirija inazibuka ndani ya siku 21 bila upasuaji, dozi kamili laki 2 na 80. Njoo faragha nikupe namba.

---

Nesi wa Zamu

Ndugu hapo juu, mrija wa uzazi si bomba la sinki. Ni mwembamba, ndani una vinyweleo laini vinavyosukuma yai, na ukishajaa maji mara nyingi vile vinyweleo vimeshaharibika. Unywe mitishamba ndoo nzima, vinyweleo havirudi. Mwacheni dada wa watu.

Binti, nitarudi usiku nikitoka zamu, nina neno kuhusu huo mrija wa kushoto.

---

Karani wa Bandari, Dar

Mdogo wangu pole, na usiombe radhi kwa kuuliza. Mimi kazi yangu ni hesabu, kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kwa hiyo tulipoanza haya mambo mwaka 2022, nikiwa na miaka 36, kila risiti niliibandika kwenye kaunta buku. Ninalo hapa mezani. Nitakusomea.

Bei niliyopewa mwanzo ilikuwa milioni 11 na nusu. Nilipofunga hesabu ya mzunguko wa kwanza, chini pale nikapigia mstari 21,330,000. Hiyo tofauti ya karibu milioni 10 haikuwa wizi. Nilitamani iwe wizi, ningepata mtu wa kumgombeza. Ilikuwa ni vitu halali kabisa ambavyo havikuwa ndani ya neno "kifurushi", na mimi sikujua kwamba neno hilo lina ukuta.

Ndani ya kifurushi changu kulikuwa na utrasaundi zote za wakati wa sindano, kuvuna mayai, nusu kaputi, kazi ya maabara ya kuyakutanisha na mbegu, na kurudisha kiinitete, lile yai lililoshika mbegu, kwenye kizazi. Ukiangalia ni kama vitu vyote, sivyo? Haya.

Kabla ya kuanza, vipimo vyetu wote wawili: Ukimwi, homa ya ini, kaswende, homoni, tezi ya shingo, kile cha kuangalia akiba ya mayai, na mbegu za mume. 1,120,000. Baadhi nilikuwa nimeshavipima hospitali nyingine mwaka uliotangulia, wakasema vimepita muda, vipya tu. Halafu daktari akataka kutazama kizazi kwa kamera, 850,000.

Sindano ndizo zilizonitoa jasho. Kila mwili unakula dozi yake, na hakuna anayejua mwili wako utakula ngapi mpaka uanze kula. Nilianza na uniti 225 kwa siku. Siku ya sita daktari akatazama picha akasema mayai yanavuta miguu, tupande 300. Na badala ya siku 10 nikaenda 12. Niliambiwa "kama milioni 3 hivi". Nililipa 4,260,000. Tena zile sindano zinakaa kwenye friji, si kwenye jokofu la barafu, na wakati ule wa Novemba tulikuwa na mgao wa umeme. Nilikuwa nazibeba kwenye kidumu cha chai chenye barafu kwenda nazo kazini, nikimwambia bosi ni uji. Hiyo haimo kwenye daftari.

Asubuhi ya kuvuna mayai, mimi nimeshavaa gauni la thieta, mume akaitwa pembeni. Mbegu zake siku hiyo zilionekana wavivu, kwa hiyo wanashauri wachukue mbegu moja moja waichome ndani ya yai, ndiyo ile wanaiita ICSI. 1,500,000, asaini. Ungemwambia mtu akatae dakika ile? Alisaini, akatoka nje kumpigia kaka yake.

Kugandisha viinitete vilivyozidi pamoja na kuvitunza mwaka wa kwanza, 1,300,000. Dawa za kushikilia mimba za wiki mbili, 310,000. Kipimo cha damu cha kuangalia kama mimba imeshika, elfu 35, nikapima mara mbili kwa sababu sikuamini ya kwanza: 70,000. Teksi na bajaji za kwenda na kurudi, 420,000, na mimi naishi Tabata! Wewe wa Mwanza piga mahesabu yako.

Jumlisha kwa kalamu yako utapata ile ile.

Na sasa nikuambie ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Mayai 9 yalivunwa. Yaliyokomaa 7. Yaliyoshika 5. Siku ya tano vikabaki viinitete 3. Kila asubuhi walikuwa wananipigia simu, na kila simu namba inapungua, kama watoto wanaoitwa na mama zao jioni mpaka uwanja unabaki mtupu. Kimoja wakakirudisha, viwili wakavigandisha. Baada ya wiki mbili majibu yakaja chini ya 5, maana yake hakuna mimba. Nilikuwa kwenye mwendokasi, nimesimama. Nilishuka kituo ambacho si changu.

Miezi saba baadaye tukarudi kwa kimoja cha vile vya baridi. Safari hii hakuna sindano za kukuza mayai, hakuna kuvuna, ni vidonge vya kuandaa kizazi, picha chache na kurudisha. 3,900,000. Kikashika. Dawa za kushikilia nilitumia mpaka wiki ya 12, nazo 1,150,000 ambayo hakuna aliyenitajia. Kwa hiyo mtoto wangu, aliyezaliwa Machi 2024 na sasa anavunja vikombe vyangu, kwenye daftari anasoma 26,380,000 kabla ya kliniki ya wajawazito.

Ushauri wangu kuhusu kiwanja: usikiuze ili ulipe mara moja tu. 6.4 na 9 ni 15.4. Ukiingia na hiyo kwenye kifurushi cha 13 ambacho huenda sindano haziko ndani, utafika siku ya kuvuna huna hela ya kugandisha. Ukivuna mayai mengi mazuri halafu vinavyozidi vimwagwe kwa kukosa milioni moja, hapo utakuwa umelipia ng'ombe mzima ukaondoka na mguu. Mzunguko wa pili wa vilivyogandishwa ndio wa bei nafuu kuliko vyote, na ndio uliotupa mtoto sisi.

Piga simu pale Dar, waambie wakuandikie. Sindano ziko ndani au nje, na kama ziko ndani, mpaka uniti ngapi. ICSI wanatoza lini. Kugandisha na kutunza ni kiasi gani. Na hili watu hawaulizi: mayai yasipokua wakasitisha katikati, wanarudisha nini? Kuna mwenzangu wa foleni alisitishwa siku ya tisa. Hela ya kifurushi walimrudishia sehemu, ya sindano ilikuwa imeshaingia mwilini.

Bima yangu ya kazini, ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo: "haitahusika na matibabu ya ugumba". Nilisoma mara tatu. NHIF nayo upandikizaji haulipi.

---

Mzee wa Site, Dodoma

Nitaandika fupi kwa sababu si jambo ninalojivunia.

Mke wangu alipigwa kipimo cha rangi mara mbili, akameza vidonge vya kupevusha mayai miezi sita, akaenda kwa mabingwa wawili. Miaka minne. Mimi kila nikiambiwa nipime nasema nina mtoto wa ujanani kijijini, mimi sina shida. Siku niliyokubali, kipimo kilikuwa elfu 30. Elfu thelathini! Mbegu milioni 2 kwa mililita, wakati kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni milioni 16. Mshipa wa korodani ulikuwa umevimba.

Binti, shemeji yetu apime kabla hujalipa shilingi yoyote. Mirija kuziba haizuii na yeye kuwa na lake. Asikutane na mwanamke siku mbili hadi saba kabla ya kwenda, si zaidi. Majibu yakiwa mabaya asilie, arudie baada ya kama miezi mitatu, maana mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, na homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuziharibu za leo. Na ikionekana mapema kwamba ziko chini, hiyo milioni na nusu ya ICSI mtaipanga mezani, si kusainishwana mlangoni kwa thieta kama mume wa Karani.

Mwambie pia fundi mwenzake ndiye aliyesema.

---

Mkazi wa Umoja, Nairobi

Hujambo Binti. Mimi nilifanyiwa hapa Nairobi. Huku wameanza zamani kidogo, watoto wa kwanza wa IVF Kenya walizaliwa 2006, kwa hivyo kliniki ziko kadhaa na zinashindana kwa bei.

Mimi niliitishwa shilingi 480,000 za Kenya, bila dawa. Kwa pesa zenu hiyo ni kama milioni 9 na nusu, kwa hivyo ukiilinganisha na 13 utaona ni rahisi. Ngoja kwanza. Dawa nilinunua kando, karibu 190,000. Sindano hizi huagizwa kutoka nje, ziuzwe Dar ama Nairobi hazina undugu na mtu.

Na wewe utatoka Mwanza uvuke Sirari, ukae. Tangu sindano ya kwanza hadi kurudishiwa kiinitete ni wiki mbili na nusu hivi, na utaitwa kliniki kila baada ya siku mbili, huwezi kuwa unaenda na kurudi. Chumba, chakula, na duka la vitenge limefungwa. Kulikuwa na mama kutoka Musoma tulikuwa naye, alikuwa anaishi kwa binamu yake Kayole, hiyo ndiyo ilimwokolea. Kama una mtu wa kukulaza, Nairobi inalipa. Kama ni hoteli, hapana.

Sikupata mtoto kwa hiyo mara, nisije nikaonekana natangaza biashara ya mtu. Tunajipanga tena.

---

Nesi wa Zamu

Nimerudi. Samahani, usiku ulikuwa mrefu.

Binti, hao wote wamekuambia ya maana, lakini mrija wako wa kushoto ndio unaotakiwa kutajwa wa kwanza. Mrija uliojaa maji huvuja ndani ya kizazi. Ukirudisha kiinitete mle, yale maji yanakikosesha utulivu, na nafasi ya kushika hushuka karibu nusu. Ndiyo maana madaktari wengi huutoa kwanza au kuukata mawasiliano na kizazi, kwa ule upasuaji wa matundu madogo tumboni. Muulize daktari wako waziwazi: huu mrija tunaufanyaje kabla? Asipokuwa na jibu, tafuta maoni ya pili kabla ya kutafuta mteja wa kiwanja.

Na hapo kuna kitu cha mfuko wako. Kuondoa mrija mbovu ni upasuaji wa ugonjwa wa kizazi, haumo kwenye orodha ya kupandikiza. Kwa hiyo kadi yako ya bima iulizie upasuaji huo peke yake, na uombe barua ya daktari itaje ugonjwa wa mrija. Ukienda dirishani ukaanza hadithi na neno IVF, atakayekuhudumia ataishia hapo hapo.

La pili ni asilimia. Utaambiwa "sisi tunafanikiwa asilimia 70". Uliza asilimia 70 ya nini. Ya kipimo kusoma mimba, au ya mtoto kuzaliwa akilia? Ya wanawake wa umri gani? Uingereza, ambako kliniki zote hulazimika kutoa takwimu zao serikalini, wanawake wa chini ya miaka 35 hupata mtoto kwa karibu theluthi moja ya viinitete vinavyorudishwa. Ukivuka 40 inashuka sana. Wewe una 34, umri wako bado unakubeba, lakini hesabu yako ianze na kwamba mara moja inaweza isitoshe. Karani kasema vizuri.

Na wakikushawishi warudishe viwili au vitatu "ili hela isipotee", kumbuka mapacha huzaliwa mapema mara nyingi, na kitanda cha njiti kinalipiwa kwa siku. Nimeona familia iliyomaliza akiba kwenye IVF ikashindwa kuwatoa watoto wodini.

Kuhusu mzee wa Magu: usigombane na mama mkwe. Mwambie daktari kakataza kuchanganya dawa.

---

Binti Vitenge, Mwanza

Shikamooni, na asanteni. Wiki tatu zimepita, narudi na majibu kwa sababu mtu akiuliza kisha akanyamaza huwa inaniudhi hata mimi.

Nimepiga simu Dar. Yule wa mapokezi alichukua siku mbili, akanitumia kwa WhatsApp karatasi nyingine, safari hii ndefu. Sindano haziko ndani ya 13. Wanakadiria milioni 3 na nusu hadi 5. ICSI milioni 1.8, kugandisha 1.2. Ukitoa vipimo, nauli na kulala, nimejumlisha kwa dozi ya juu nikapata 21. Nilikaa dukani nikiangalia ile namba mpaka mteja akaniuliza kama nimefunga.

Mume amepima. Sitasema nilimshawishije, ila niliacha simu mezani ikiwa imefunguka kwenye maneno ya Mzee wa Site. Milioni 41. Ametembea kifua mbele wiki nzima, mpaka nikamwambia inatosha.

Mrija: daktari wa hapa Mwanza amekubali kuutoa, tarehe ni mwezi ujao. Kadi ya mume wanaichunguza, nimekwenda na barua kama Nesi alivyosema na wala sikulitaja lile neno. Kiwanja hatujauza. Yule mteja amepandisha mpaka 10 na nusu, tumemwambia asubiri tumalize hili la mrija, asiposubiri basi. Kikoba sijavunja, gawio ni Desemba.

Nairobi tumeiacha, hatuna wa kutulaza.

Da' Karani, nina swali nje ya hela, samahani kama si la kuuliza. Ulisema viligandishwa viwili ukarudishiwa kimoja. Kile kingine?

---

Karani wa Bandari, Dar

Hongera kwa milioni 41, msalimie fundi.

Kile kingine kipo. Laki 6 kwa mwaka, kila Novemba wananitumia ujumbe wa kunikumbusha. Nimeshalipa mara mbili. Nina miaka 39, milioni 4 nyingine sina, na kumwambia mtu akitoe sijaweza. Mwaka jana mume aliona muamala kwenye simu akauliza nimelipa nini.

Nikamwambia kodi ya pango.